Majoho Arobaini, Kifua Kimoja

Kwanza kilisikika kicheko. Kilianza juu kabisa, chembamba kama uzi wa kudarizia, katika sauti ya kwanza. Sauti ya pili ikakidaka. Sauti ya tatu ikakishusha ngazi mbili, na mwisho sauti ya nne ikaingia kwa chini, nzito, mpaka kijiko kikagonga chenyewe ndani ya kikombe cha chai. Kwaya nzima ilikuwa inacheka, na ilikuwa inacheka kwa mpangilio.

Nyuma ya ukuta wa mbao, mbele ya kompyuta, Injinia alikisikia kicheko kile akanyoosha kola ya shati lake.

"Wameyapenda," alijiambia. Akakaa vizuri kitini, akangoja kuitwa apongezwe.

Jina la Injinia alipewa na mafundi wa cherehani kwa mzaha, naye akalipokea kama cheo. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza peke yake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kila alichokijua alikijua kwa jasho lake, ndiyo maana hakupenda kuulizwa jambo mara mbili. Karakana ya ushonaji ya shangazi yake ilikuwa na cherehani sita, pasi mbili, meza moja ndefu ya kukatia, na madaftari tisa ambayo Mama Chaki, mkataji mkuu, alikuwa akiyaandika kwa mkono kwa miaka ishirini na miwili. Mama Chaki aliitwa hivyo kwa sababu kipande cha chaki hakikutoka sikioni kwake hata alipokwenda harusini.

Injinia aliyafungia madaftari yote kabatini, akaweka hifadhidata ndani ya kompyuta. Mwanzoni alitengeneza jedwali lenye safu nne: kifua, kiuno, mkono, urefu. Siku ya pili ikaja oda ya mapazia. Pazia halina kiuno. Siku ya tatu ikaja oda ya vitambaa vya meza, navyo havina mkono. Injinia akaudhika, akafuta safu zote, akabakiza moja tu akaiita "maelezo". Humo kila oda iliingia na mzigo wake kwa mtindo wa JSON, yaani maandishi yaliyofungwa kwa mabano: bano kubwa la oda, ndani yake bano la watu, ndani ya bano la watu kila mtu na bano lake, na ndani ya bano la mtu, vipimo vyake.

"Ni kama mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko," alimweleza shangazi yake siku ile. "Unaweka chochote."

"Na kutoa je?" aliuliza Shangazi.

"Kutoa ni kuuliza tu. Ukijua kuuliza, inakupa."

"Na usipojua?"

"Mimi najua, shangazi."

Sasa kicheko kilikuwa kimeisha, na mtu mmoja tu wa sauti ya kwanza alikuwa bado anamalizia kwa kwikwi.

"Injinia," aliita Shangazi. "Hebu njoo hapa, baba."

Hakupaza sauti. Mafundi sita wakazima cherehani zao, maana Shangazi akipaza sauti amekasirika kidogo, na asipopaza, kuna mtu anahama.

Injinia alitoka kifua mbele. Kifua kikarudi nyuma chenyewe.

Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa kimejaa kitambaa cha zambarau. Watu walikuwemo humo ndani, ila ilibidi uwatafute. Mwanamke mmoja alikuwa akipunga mkono wa joho lake kama bendera, kwa sababu vidole vyake viliishia penye kiwiko cha nguo. Wawili wa sauti ya pili walikuwa wameingia ndani ya joho moja, kila mmoja na tundu lake la mkono, na nafasi ya mkoba ikabaki. Mwalimu wa kwaya, bwana mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameinama akiitafuta miguu yake.

Mbele ya kioo alisimama mtu mmoja tu aliyeridhika. Huyu alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, mtu wa miraba minne ambaye kwaya yote ilimwita Besi. Alijigeuza upande huu, akajigeuza upande ule, akajipapasa mabega. Joho lilimkaa barabara, kana kwamba amezaliwa nalo.

"Mimi sioni tatizo," alisema Besi.

"Wewe nyamaza," alisema Mwalimu kutoka ndani ya kola. Akamgeukia Shangazi. "Mama, kesho saa nne asubuhi tunapanda jukwaani kwenye shindano. Tumefanya mazoezi mwaka mzima. Tukipanda hivi, majaji watadhani tumejificha."

"Hakuna wasiwasi," alisema Injinia upesi mno. "Ni hitilafu ndogo. Dakika tano."

Alirudi nyuma ya ukuta wa mbao, na Shangazi akamfuata, na Mwalimu akamfuata Shangazi akiwa amekunja pindo lake mikononi kama aliyebeba mtoto. Besi naye akaja, kwa sababu ndiye aliyejaza fomu ya oda kwa niaba ya wenzake wote.

Injinia alilisoma swali alilokuwa ameiuliza hifadhidata wiki mbili zilizopita. Alilisoma mara moja. Akalisoma mara ya pili polepole, na jasho jembamba likamtoka.

"Sema," alisema Shangazi.

"Niliiambia hivi. Fungua maelezo, hesabu waimbaji wako wangapi, toa karatasi za kukatia kwa idadi hiyo. Ikasema arobaini. Ni sahihi."

"Endelea."

"Kisha nikaiambia, kwenye kila karatasi andika vipimo vya mwimbaji wa sifuri."

"Mwimbaji wa sifuri ndiye nani?"

"Wa kwanza kwenye orodha. Kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri."

Wote wanne wakatazama orodha kwenye kioo cha kompyuta. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Besi, maana mtu akijaza fomu huanza na nafsi yake.

Shangazi alimtazama Besi kuanzia viatu mpaka kichwa, na safari hiyo ilichukua muda.

"Huyu," alisema, "ndiye sifuri?"

"Kwa kompyuta, shangazi."

"Na hukulijaribu swali lako kabla?"

"Nililijaribu. Kwa oda ya shati la mjomba. Likatoa jibu sahihi." Injinia akashusha sauti. "Oda ile ilikuwa na mtu mmoja."

Mwalimu akauliza kama karakana inaweza kuwapima watu wote upya. Akajijibu mwenyewe: haiwezekani, mazoezi ya mwisho yanaanza baada ya nusu saa, na baada ya mazoezi kila mtu anarudi kazini kwake. Hapo Injinia alipaswa kusema, basi tuwapime haraka haraka, hata kwa nusu saa hiyo. Lakini damu ilikuwa imempanda kichwani.

"Hakuna haja ya kupima mtu," alisema. "Vipimo vyenu vyote ninavyo, vimo humu ndani. Nilikosea kuuliza, sikukosea kuhifadhi. Nendeni mkaimbe."

Shangazi akavua miwani yake, akaipangusa kwa kanga ya begani, akaivaa tena.

"Sikiliza, baba. Kesho saa nne, watu arobaini wakipanda jukwaani wamevaa, kompyuta inabaki na wewe unabaki. Wasipopanda, madaftari yanatoka kabatini, na wewe unakwenda kwa mjomba wako."

Mjomba alikuwa mfugaji wa kuku. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mazungumzo ya kuku tu. Alizungumza kuku asubuhi, akazungumza kuku wakati wa kula, akizungumza mvua alikuwa na maana ya kuku kulowa. Injinia aliwahi kukaa kwake wiki tatu na akarudi akiota manyoya. Tena kule hapakuwa na umeme wa kutosha hata kuchaji simu. Kwake yeye, kwenda kwa mjomba kulikuwa kuzikwa hai, na kwa mbolea.

Kwaya ikavua majoho, ikaondoka. Besi alikataa kuvua. Alisema lake limekamilika, haoni sababu ya kulikunja, akatoka nalo mpaka barabarani akitembea taratibu ili lipepee vizuri. Majoho mengine yakatundikwa kwenye reli.

Ilibaki shughuli ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa hatua nane tu kutoka kwenye kiti chake. Mama Chaki alikuwa amesimama penye meza ya kukatia, anakunja futi kamba yake vizuri, kidogo kidogo, kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Mama," alianza Injinia.

"Naam, Injinia."

"Zile karatasi za kukatia. Uliziona zinafanana?"

"Niliziona. Ya pili nikasema hawa ni mapacha. Ya tatu nikasema ni ukoo. Ilipofika ya kumi nikasema basi, kuna kiwanda mahali wanatengenezwa."

Fundi mmoja wa cherehani aliziba mdomo kwa kitambaa.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuja. Nikasimama pale mlangoni kwako na karatasi tatu mkononi. Ukasema bila kugeuka, 'Mama, kazi yako ni kukata. Kuuliza ni kwangu.' Nikasema sawa. Mimi nina mkasi, sina mdomo."

Injinia alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba siku ile aliiona sentensi ile nzuri, akairudia moyoni mara mbili. Sasa ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kiburi kilimwambia arudi kwenye kompyuta bila neno. Picha ya kuku ikamwambia vingine.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilikosea adabu. Nikosoe hapa mbele ya wote ukitaka, lakini nisaidie."

"Hapa mbele ya wote?"

"Ndiyo."

Mama Chaki aliwatazama mafundi, akaona wote wamegeuza viti ili wasikie vizuri. Akafikiri.

"Sina muda," alisema. "Njoo uone kitu."

Alishusha joho moja kwenye reli, akalipindua. Kwenye mishono ya ubavuni, badala ya mshono wa cherehani uliokazwa, kulikuwa na nyuzi ndefu nyeupe zilizorukaruka kama nyayo za kuku. Injinia akasisimka kwa kumbukumbu ya mjomba.

"Hii ni bandi," alisema Mama Chaki. "Unashikiza nguo kwa mkono kabla ya kushona moja kwa moja. Ukivuta uzi mmoja, joho lote linafunguka. Nilijua wakiyavaa watazama humo. Nikawaambia mafundi wasikaze hata moja. Na pindo la chini nalo ni bandi. Kikubwa kinapunguzwa, mwanangu. Kama wa kwanza kwenye orodha angekuwa yule mwalimu wao mwembamba, sasa hivi tungekuwa tunalia. Haya, niletee vipimo. Vya kila mtu, na jina lake."

Injinia alirudi kwenye kiti mbio. Safari hii hakumtaja sifuri. Aliiambia hifadhidata iukunjue ule mfuko wa waimbaji, kila mwimbaji atoke awe mstari wake. Kisha kwa kila mwimbaji iukunjue mfuko wa vipimo vyake, kila kipimo na jina lake na namba yake, halafu ivipange karatasi kwa karatasi. Alibonyeza. Karatasi zikaanza kutoka, kila moja na jina, kila moja na vipimo tofauti, na alipoziona hazifanani alitaka kuzibusu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Mama Chaki alipoanza kusoma.

"Huyu wa sauti ya kwanza. Kiuno: 'anasema ishirini na nane'. Anasema maana yake nini?"

Injinia akampigia simu Besi.

"Ndivyo alivyosema," alijibu Besi. Nyuma yake kwaya ilisikika ikipasha sauti. "Mimi nilikuwa na mashaka, nikaandika kama alivyosema."

"Weka inchi tatu juu ya 'anasema'," Mama Chaki alimwambia fundi wa kwanza. "Huyu mwingine, mkono: 'kama wa dada yake ila mfupi kidogo'. Dada yake yumo kwenye kwaya?"

"Yumo," alisema Injinia akipekua. "Huyu hapa. Mkono wa dada: 'mrefu kuliko wa mdogo wake'."

Mama Chaki akaweka karatasi mbili kando, akazitazama kama mtu anayetazama wagomvi.

"Na huyu, urefu: 'wa kutosha'. Na huyu, kifua: 'uliza mumewe'. Injinia, hiyo mashine yako ilikubali haya yote?"

"Inakubali chochote, mama."

"Hata mbuzi hakubali kila kitu."

Lakini alikuwa ameyaona hayo majina yakipita chumba cha kujaribia asubuhi, na miaka ishirini na miwili ilikuwa imempa macho yanayopima mtu akiwa bado mlangoni. Alifunga jicho moja, akamkumbuka mwenye mkono mfupi, akapiga chaki. Alimkumbuka wa "urefu wa kutosha", akasema, "Hautoshi," akapiga chaki. Mkasi ukaanza kulia kra, kra, kra. Mafundi sita wakainamia cherehani, na Injinia akapewa kazi ya kuvuta nyuzi za bandi. Alizivuta mpaka vidole vikawa vyekundu, na kila joho lililopungua lilimwondolea kuku mmoja kifuani.

Jua lilikuwa bado halijazama walipopiga pasi joho la mwisho. Kwenye reli palikuwa na majoho thelathini na nane yaliyopunguzwa, na moja kubwa ambalo halikuguswa. Karatasi iliyobaki ilikuwa ya Besi, vipimo vile vile. Mama Chaki aliibana kwenye joho kubwa kwa pini bila kufikiri, kwa sababu macho yalikuwa yamemchoka.

Injinia alihesabu karatasi: thelathini na tisa. Akahesabu majoho kwenye reli: thelathini na tisa. Hesabu zilipokutana hivyo, kichwa kilimvimba tena kidogo.

"Shangazi," alisema, "njoo uone. Karatasi na majoho ni sawasawa. Hakuna linalozidi wala linalopungua."

Shangazi akahesabu, akakubali. Hakuna aliyekumbuka kwamba Besi alikuwa huko barabarani na joho lake mwilini tangu asubuhi.

*

Ukumbi wa shindano ulikuwa na chumba nyuma ya jukwaa chenye taa moja, kioo kimoja, na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Saa tatu na nusu asubuhi kwaya ilikuwa imevaa, na Injinia alisimama mlangoni akiwaangalia wakipendeza mbele ya macho yake. Mwanamke wa "anasema" alivuta pumzi, akajikuta anaweza, akamshukuru Mungu. Madada wawili walinyoosha mikono yao, kila mmoja akaridhika na wake. Mwalimu alikuwa na miguu. Besi aliingia na joho lake, limekunjamana kidogo maana alilala nalo.

Injinia alimwona Besi, kisha akaona kwamba mkononi mwake Shangazi ameshika joho jingine kubwa, lenye karatasi ya Besi.

"Wewe una joho," alisema Shangazi.

"Ninalo," alisema Besi.

"Na hili ni la nani?"

Kwenye kona, nyuma ya viti vya plastiki, mtu akainua mkono. Alikuwa dada mmoja mdogo wa umbo, wa sauti ya pili, ambaye wenzake walimwita Kimya. Alikuwa amevaa nguo zake za nyumbani.

"Nadhani ni langu," alisema. "Sikutaka kuwasumbua. Nilidhani litatokea."

Injinia alifungua kompyuta yake ya mkononi juu ya kiti cha plastiki. Orodha iliyokunjuliwa: watu thelathini na tisa. Mfuko wenyewe, kabla ya kukunjuliwa: watu arobaini. Jina la dada yule lilikuwepo, katikati kabisa, na mbele yake bano la vipimo likiwa limefunguliwa na kufungwa bila kitu ndani. Swali lake lilipofika pale likaukunjua mfuko mtupu, halikupata mstari hata mmoja wa kutoa, likapita zake. Lilimruka mtu mzima kama dimbwi.

"Mbona vipimo vyake viko tupu?" alimnong'oneza Besi.

Besi, mtu wa miraba minne, alitazama ncha za viatu vyake.

"Wengine wote niliwauliza," alisema kwa sauti ya chini sana, ambayo kwake ilitetemesha viti. "Yeye nilishindwa. Unamwendeaje dada kama yule unamwambia nitajie kiuno chako?"

"Ndiye anayeimba peke yake ubeti wa tatu," alisema Mwalimu, akikaa kitini ghafla. "Bila yeye hakuna wimbo."

Shangazi alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mpwa wake, na Injinia akasikia jogoo wa mjomba akiwika mbali.

"Vipimo," alisema Mama Chaki. Alikuwa ameshalivamia lile joho, pini sita mdomoni. "Mikono yangu imejaa. Nani ananipa vipimo?"

"Hana, mama. Kwenye mfumo hana."

"Mfumo hauvai joho. Si yuko hapo amesimama?" Akamtupia futi kamba. "Kifua, kiuno, mkono, urefu. Mstahi, na usimfinye."

Injinia alikuwa ameandika neno "kifua" mara elfu katika maisha yake na hakuwa amewahi kupima hata kimoja. Aliishika futi kamba kinyumenyume, akasoma kifua inchi ishirini na saba na kiuno inchi thelathini na nne. Mama Chaki akamwambia, kwa pini mdomoni, kwamba huyo aliyempima ni mtungi. Akaanza upya. Dada Kimya akamgeuzia futi kamba upande sahihi, akainua mikono, akamngoja.

"Kifua thelathini na tatu," alisoma Injinia. "Kiuno ishirini na sita. Mkono ishirini na mbili. Urefu hamsini."

"Sasa huyo ni mtu," alisema Mama Chaki.

Hapakuwa na nafasi ya cherehani. Mkasi ulipita kwenye pindo na mikono, ila ubavuni hapakuwa na muda wa kukata. Mama Chaki alikikunja kitambaa kwa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, akakibana kwa pini kutoka kwapani mpaka nyongani, pande zote mbili. Saa nne kasoro dakika mbili akapiga hatua nyuma.

"Unapendeza," alimwambia Dada Kimya. "Ila usivute pumzi nyingi."

"Mama," alisema Dada Kimya, "ubeti wa tatu nina sauti moja ya kushikilia muda mrefu."

"Mrefu kiasi gani?"

"Mwalimu anasema mpaka watu waanze kuwa na wasiwasi."

Mlango wa jukwaa ukafunguliwa. Wakapanda arobaini, wote wamevaa.

Injinia alitazama akiwa kando ya pazia, kati ya shangazi yake na Mama Chaki. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ukapita vizuri zaidi. Kwenye wa tatu wenzake wakanyamaza, na Dada Kimya akapiga hatua mbele, akafumba macho, akavuta pumzi ambayo Injinia aliiona ikishuka mpaka magotini.

Sauti ikatoka. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba kwa sekunde tatu Injinia alisahau kila kitu. Kisha pini ya kwanza ikaruka, ikamgonga Mwalimu kwenye kidole cha kuongozea. Mwalimu hakusita, alikuwa mtu wa kazi. Ya pili ikalia kwenye ubao wa jukwaa. Sauti ilivyopanda, pini zikafuata moja moja, tik, tik, tik, halafu kwa mkupuo, na mikunjo yote ya Mama Chaki ikafunguka pamoja. Joho likafumuka pande zote mbili kama mwavuli, zambarau, pana, likipepea chini ya taa, na katikati yake yule dada mdogo akiwa bado ameishikilia ile sauti, macho yamefumbwa, hajui lolote.

Ukumbi mzima ukasimama. Walipiga makofi mpaka sauti ya nne ikakosa mahali pa kuingilia. Jaji mmoja alionekana akimnong'oneza mwenzake na kuonyesha kwa mikono jinsi lilivyofunguka, kama mtu anayeulizia bei. Walipata nafasi ya pili, na katika maelezo ya majaji kulikuwa na mstari mzima kuhusu mavazi.

Nyuma ya jukwaa Injinia alisimama mbele ya shangazi yake, mikono nyuma, tayari kwa lolote.

"Nilisema wakipanda wamevaa," alisema Shangazi. Alifikiri kidogo. "Walipanda wamevaa. Yaliyotokea huko juu sikuyasema. Unabaki."

"Ahsante, shangazi."

"Usinishukuru mimi. Mjomba wako nimeshampigia simu tangu jana akutengenezee kitanda. Sasa mpigie wewe umwambie huji, na umsikilize mpaka amalize kuhusu kuku."

Dada Kimya alikuja akiwa amelishika joho pande mbili kama mtu anayevuka maji. Kiganjani alikuwa na pini saba, ambazo hazikuruka. Alimkabidhi Mama Chaki, akamgeukia Injinia.

"Kaka, nimesikia kwenye orodha yako sikuwepo."

Injinia alikuwa na majibu matatu tayari. La kwanza lilimlaumu Besi, la pili lilimlaumu yule aliyebuni mabano, na la tatu lilikuwa na maneno makubwa ambayo dada asingeyaelewa. Aliyameza yote matatu.

"Ulikuwepo, dada," alisema. "Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Niliuliza nani ana vipimo, nikapewa wenye vipimo. Sikuuliza nani yupo. Nakuahidi mbele ya shangazi yangu na Mama Chaki: Jumatatu, kabla sijagusa chai, nalivunja lile swali naliandika upya. Asiye na vipimo atatokea kwenye orodha na jina lake kamili na nafasi wazi mbele yake, na nafasi hiyo nitakuja kuijaza mwenyewe, kwa mguu, na futi kamba mkononi, hata kama mwenye jina anaishi mwisho wa lami."